Biskuti Zimekosa Mkono

Hapo zamani za kale, na anayetafuna aache kutafuna kwanza anisikilize, zamani ambazo wanyama walikuwa na majiko, masufuria na majirani wasumbufu kama sisi, paliishi familia ya pimbi kwenye jabali moja juu ya mto.

Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, nyumba yake mawe. Familia hiyo ilikuwa na Baba Pimbi, Mama Pimbi, binti yao Kidawa, na Bibi, aliyemzaa Mama Pimbi.

Bibi walimpenda sana. Walimpenda mpaka wakapitiliza. Akishika ufagio, Kidawa anamnyang'anya. "Pumzika, Bibi!" Akichukua chekeche achekeche unga, Mama anaiweka juu ya rafu. "Mama, umeshafanya kazi za kutosha. Kalale." Akigusa ndoo tu, Baba huyo, anakuja mbio.

Basi Bibi akalala. Akajifunika kanga mpaka kidevuni, mikono yote ndani, kikabaki kichwa. Siku ya kwanza akala nusu ya chakula chake. Siku ya pili akala robo. Siku ya tatu akageukia ukutani.

"Bibi, unataka kula nini?" Kidawa akamuuliza.

"Sina hamu na kitu, mjukuu wangu."

"Hata kidogo?"

"Labda biskuti. Zile alizokuwa akipika mama yangu nilipokuwa kama wewe."

"Zilitiwa nini?"

Bibi akafikiri, akafikiri. "Zilikuwa na... Zilikuwa na... Aa, nimesahau."

Kidawa aliogopa. Mbavu za Bibi zilikuwa zinahesabika, na mtu hahitaji kusoma sana kujua kwamba bibi asiyekula hakai muda mrefu. Akakimbia jikoni akafunua pipa. Unga uliobaki ulitosha kupika biskuti mara nne tu, na mavuno yalikuwa bado mbali.

"Nne zinatosha," akasema Mama. "Tutajaribu kila ladha mpaka tuipate yake. Naanza mimi."

Mama akatia hiliki. Akaitwanga, twa, twa, twa, akaichanganya na unga, sukari na samli. Akapanga biskuti kwenye sufuria pana, akaweka makaa chini, akafunika kwa bati, akaweka makaa mengine juu ya bati. Moto juu, moto chini. Hivyo ndivyo zilivyookwa biskuti nchi ile, na zikiiva harufu yake haina adabu, inaingia nyumba za watu bila hodi.

Harufu ikateremka jabali mpaka kando ya mto. Hapo alikaa Kiboko, kwenye nyumba kubwa ya udongo. Ndiyo, Kiboko siku hizo alikaa nchi kavu, msinikatize. Na rafiki yake mkubwa alikuwa Fisi, ambaye nyumba yake haikuwa na jiko wala kijiko.

"Nf! Nf!" Fisi akanusa. "Ndugu yangu Kiboko, kuna mtu anafunua sufuria."

Nchi ile ilikuwa na desturi. Mgeni akifika sufuria inafunuliwa, lazima apewe aonje. Desturi nzuri tu, iliwekwa na wenye nia njema, lakini hawakuwa wamemfikiria Fisi.

"Hodi, hodi!"

"Karibuni," akajibu Mama, roho imemshuka.

"Shikamooni," akasema Kidawa.

"Marahaba, mwanangu. Hatukai," akasema Fisi huku akikaa. "Tunaonja tu, tunakwenda zetu."

Kwap! Ikaenda moja. Kwap, kwap! Zikaenda mbili. Kiboko yeye hakuhangaika kuokota moja moja. Aliinua sinia, akafungua kinywa, akamimina. Grrrap!

"Mh!" akasema Kiboko. "Ladha sijaipata vizuri. Hakuna nyingine?"

Hakukuwa na nyingine. Nani angemzuia? Pimbi wanne wote mngeweza kuwatia ndani ya sikio moja la Kiboko, na nafasi ikabaki.

Wageni wakiwa bado mlangoni wanatoka, Kidawa akakusanya chembe zilizobaki kwenye sinia, akampelekea Bibi. Bibi akazilamba, akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Lakini hazina mkono."

Nyinyi mmekulia majikoni, mnajua maana yake. Wapishi wawili wanaweza kutumia unga mmoja na sukari moja, cha huyu ukalamba sahani, cha yule ukaomba maji. Tunasema huyu ana mkono. Mama Pimbi naye alijua, ndiyo maana akanuna.

"Hazina mkono? Mimi, mama! Mimi sina mkono?"

"Tulia, mke wangu," akasema Baba, akikunja mikono ya shati. "Kesho naingia fundi."

Fundi akatia ndimu. Alikwaruza maganda, akakwaruza, akakwaruza, mpaka Kidawa akapiga chafya. Harufu ikateremka jabali. Hodi, hodi! Hawa hapa.

"Ooh, chachu!" akalia Fisi, uso umemkunjamana. "Hebu nionje nyingine nione kama ni zote."

Zilikuwa zote. Alihakikisha mpaka ya mwisho.

Bibi akapewa chembe. "Zimechangamka," akasema. "Lakini hazina mkono."

Siku ya tatu ikawa zamu ya Kidawa. Akasaga karanga, akatia na tangawizi. Mimi nazipenda sana za tangawizi, ndiyo maana kisa hiki kinaniuma hapa. Hodi, hodi! Grrrap! Sinia jeupe.

"Hazina mkono," akasema Bibi kwa sauti ndogo, na safari hii chembe zenyewe hakuzimaliza.

Kidawa akatoka nje akakaa juu ya jiwe akalia. Unga wa kupika mara moja tu ndio uliobaki. Wakija tena wale wawili, Bibi atakula nini?

Chini yake, njiani, Fisi na Kiboko walikuwa wakiteremka taratibu kwa shibe.

"Ndugu yangu," Kiboko akauliza, "yule kikongwe kila siku anasema hazina mkono, hazina mkono. Mkono gani?"

"Sijui," akajibu Fisi. "Labda ni kiungo."

"Kiungo gani hicho? Nakijua kitunguu saumu."

"Mimi nakijua chumvi. Tutauliza kesho."

Kidawa akaacha kulia. Akafuta pua. Mkono ni kiungo? Naam, mkono ni kiungo! Akaruka kutoka kwenye jiwe akaingia ndani mbio.

"Baba! Kesho asubuhi noa kisu."

"Cha nini?"

"Cha kukatia donge la unga. Wewe noa tu, na wakija usisimame. Mama, wakiniuliza lolote, nikubalie. Sitasema uongo hata neno moja."

Asubuhi, Mama akawasha jiko kabla hata ya kukanda unga. Alitupa pande la sukari juu ya makaa, tsss, harufu ikateremka jabali. Baba alikaa mlangoni na jiwe la kunolea. Kwi, kwi, kwi. Bibi alikuwa amelala pale pale, kanga kidevuni, kichwa tu.

"Hodi, hodi!"

"Karibuni, wajomba zangu, karibuni!" Kidawa akawapokea kwa furaha, akawavuta mpaka ndani. "Shikamooni! Tulikuwa tunawasubiri nyinyi tu."

"Marahaba," akasema Fisi. Hajawahi kusubiriwa popote maisha yake yote. "Mnatusubiri sisi? Kwa nini?"

"Bibi kasema biskuti hazina mkono."

"Eeh, tulitaka kuuliza," akasema Kiboko. "Huo mkono ni kiungo?"

"Mkono ni kiungo, mjomba! Hujui? Kiungo kikubwa kabisa."

"Mnaupata wapi?"

"Kwa watu," akasema Kidawa. "Zile za kwanza Mama alitia mkono. Za pili Baba. Za tatu mimi. Nyinyi mmekula siku tatu, basi leo ni zamu yenu kutia mkono."

Kwi, kwi, kwi, kisu kikalia mlangoni.

Fisi akameza mate. "Kutia... mkono? Kutia wapi?"

"Humu." Kidawa akapiga sufuria, ng'ang'a! "Halafu moto juu, moto chini."

"Ni kweli hayo, Mama Kidawa?" Kiboko akauliza.

"Kweli tupu," akasema Mama. "Bila mkono haziliki."

Kiboko akaanza kutoka jasho. "Na huo mkono... unaingia vidole tu?"

"Vidole tu haitoshi, mjomba. Mpaka kwenye kiwiko." Kidawa akachukua kamba akaupima mkono wa Kiboko. "Yu! Mama, njoo uone! Mkono wa mjomba umejaa! Huu peke yake ungetosha biskuti za kijiji kizima!"

"Unauma?" akauliza Kiboko kwa sauti ya kitoto.

"Mara ya kwanza unauma. Ukizoea, hata husikii."

"Mimi nina mkono mwembamba," Fisi akasema haraka. "Mfupa mtupu. Hauna ladha."

"Hatuchagui, mjomba. Wa kulia, wa kushoto, wowote."

"Na nyinyi mmeshatia, mbona mikono mnayo?" Fisi akauliza. Hakuwa mjinga kabisa, tusimwonee.

"Sisi tumetia mara moja moja tu," akasema Kidawa. "Anayejua kazi hii ni Bibi. Katia mkono miaka na miaka, tangu hajavunja ungo. Mtazame mwenyewe."

Fisi akageuka. Kiboko akageuka. Pale kwenye mkeka palikuwa na kichwa cha Bibi, na chini ya kichwa kanga, na mikono hakuna. Upande wa kulia hakuna. Upande wa kushoto hakuna.

"Bibi," Kidawa akaita, "wageni wamekuja kutia mkono!"

"Karibuni," akasema kile kichwa. "Nani anaanza?"

"Mamaaa!" Fisi akapiga ukelele. Akachupa juu ya Baba Pimbi, juu ya kisu, juu ya jiwe, akatoweka. Kiboko akamfuata, lakini mlango ule uliwekwa kwa ajili ya pimbi na wageni wembamba. Alipoingia aliingia kwa kujikunja, na sasa hakuwa na muda wa kujikunja. Pwaa! Akatoka na fremu shingoni, akabiringika jabali zima, gubugubu, gubugubu, mpaka mtoni. Chubwi!

Ndani, Baba akaweka kisu chini.

Kisha ikasikika sauti ambayo haikuwa imesikika nyumba ile siku nyingi. "Hi! Hihi! Hihihihi!" Bibi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na mikono yake yote miwili ikatoka nje ikishika mbavu.

"Ati mikono sina! Wameona sina mikono!" Akafuta machozi. Halafu akaitazama ile mikono. Aliigeuza upande huu na upande huu. "Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuisahau," akasema.

Akainuka.

"Bibi, pumzika..." Kidawa akaanza kusema, na papo hapo akajiziba mdomo. Akamtazama mama yake. Mama naye alikuwa akiitazama chekeche juu ya rafu. Siku zote walizokuwa wakitafuta kilichokosekana kwenye biskuti, walikuwa wamekilaza wenyewe chini ya kanga.

Mama akaishusha chekeche, akampa Bibi kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama," akasema.

"Lete unga huo," akasema Bibi. "Na jiko mmeliwasha mapema hivyo, mnapika biskuti au mnachoma matofali?"

Alichekecha, akatia samli, akakanda mpaka kwenye viwiko. "Nani alitaka hiliki? Nani ndimu? Basi msigombane." Akachukua kisu alichokinoa Baba, akalikata donge mafungu manne. La Mama likatiwa hiliki, la Baba ndimu, tena kidogo, la Kidawa karanga na tangawizi. La nne hakulitia kitu. Kila biskuti aliibonyeza katikati kwa kidole gumba, ikabaki alama ndogo.

"Hivi!" akasema ghafla. "Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya mama. Anabonyeza moja, nami nabonyeza moja, zangu zinakuwa na vishimo vidogo. Njoo, Kidawa, tia kidole."

Zilipoiva, sufuria ikafunuliwa na hapakuwa na hodi. Bibi akala ya hiliki. Akala ya ndimu. Akala ya tangawizi, akasema wewe mtoto unajua. Mwisho akachukua ile isiyotiwa kitu, yenye kishimo kidogo cha Kidawa, akaitafuna polepole.

"Je, Bibi?" Kidawa akauliza, roho juu.

"Hii ina mkono," akasema Bibi, na akanyoosha sahani aongezwe.

Tangu siku ile Bibi hakulazwa tena, na biskuti nyumbani kwa pimbi zilipikwa kwa mikono minane. Kiboko naye hakurudi kwenye nyumba yake ya udongo. Mpaka leo anashinda majini, ametoa macho na masikio tu, mikono kaificha chini kabisa. Na akisikia harufu ya biskuti, anazama.

Ukimpenda mtu wako, mpe chakula, lakini usimnyang'anye mwiko.

Kisa changu kimeiva, naepua. Chembe zilizobaki kwenye sinia ni zenu.