Uso wa Bi Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa masikio, tuanze!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde walikuwa na chemchemi moja. Kila mwaka walimchagua mlinzi wake kwa kura. Mlinzi mwema, wote wanakunywa. Mlinzi mbaya, wadogo wanalamba tope.

Mwaka mmoja Fisi akapiga kura mara tatu. Akaja na ngozi ya mbuzi. Akaja na ngozi ya pundamilia. Akaja na ngozi yake mwenyewe. Akachaguliwa mlinzi mbaya, na wadogo wakalamba tope.

Wanyama wakaghadhibika. Wakaweka sheria: asiye na picha ya uso wake, hapigi kura. Nyani akapewa kazi ya kuchora nyuso, kwa mkaa, juu ya magome ya miti.

Bi Kakakuona, mwenye magamba tangu kichwani hadi mkiani, akaenda kuchorwa. Mwanawe mchanga alikuwa amempanda mkiani. Nyani akamkodolea macho. Bi Kakakuona akaogopa, viringi! Akawa mviringo, mtoto ndani. Akarudi siku ya pili. Viringi! Siku ya tatu Nyani akachoka.

"Mama, mimi nachora nyuso. Sichori nazi."

Siku ya kura ikafika. Bi Kakakuona akapanga foleni mikono mitupu.

"Picha yako?" akauliza Swala, bawabu wa siku hiyo.

"Sina, mwanangu."

"Basi rudi nyumbani, mama."

Nungunungu akaja juu. "Huyu ni jirani yangu! Nani asiyemjua?"

"Hata Fisi tulisema tunamjua, shangazi. Mlango ukiachwa wazi, mwizi hupita."

"Na ukikomewa, mwenye nyumba alale nje?"

Kelele! Hawa wanasema apite, wale wanasema asipite.

Bi Kakakuona alitamani kujiviringa. Lakini akakumbuka kiu ya mwaka uliopita. Fisi alikuwa pale pale, ulimi nje, akimtazama mtoto mkiani mwa mamaye. Bi Kakakuona akavuta pumzi. Akasimama kwa miguu miwili. Akainua uso.

"Nichoreni."

Jua likapiga magamba yake, yakawaka kama shaba. Na katikati ya mng'ao ule, uso mdogo, laini, macho meusi yamejaa machozi. Tangu bonde liwe bonde, hakuna aliyewahi kuuona. Alitetemeka, alitetemeka, lakini hakujiviringa. Tembo akapiga magoti. Fisi akarudi nyuma, nyuma, akainamisha kichwa. Nyani akashika mkaa wake.

Bi Kakakuona akachorwa. Akatia kokoto lake la kura kibuyuni: ti!

"Mama," Swala akasema kwa sauti ndogo, "sheria tuliiweka kwa ajili ya Fisi. Ikakukamata wewe."

Wakakaa, wakakubaliana. Picha zibaki. Ila mchoraji ndiye atakayetembea. Basi Nyani akabeba mkaa wake, shimo hadi shimo, pango hadi pango, akikaa na kila mwoga mpaka woga umtoke.

"Hodi! Nimeufuata uso wako."

Enyi wakubwa kwa wadogo, mkiweka kufuli kumzuia mwizi, kwanza mtafuteni mwenye nyumba mumpe ufunguo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia, amwambie aliyesinzia.