Jumbe Anakula kwa Kushoto

Hapo zamani, na anayesinzia aondoke maana leo nina hasira, katika mji wa Shungi palikuwa na fundi aitwaye Famau. Kazi yake kuchonga mihuri ya mti ya kupigia chapa nguo. Maua. Miaka thelathini, maua tu.

Ikaja njaa. Jumbe, mtawala wa mji, akaamuru kila nyumba impelekee nusu ya unga wake. Watu wakala mizizi. Bi Mwatime akazika mjukuu, na kutoka makaburini akaja moja kwa moja kwa Famau.

"Nichongee Jumbe anakula, na sisi tumemzunguka tunameza mate."

"Mama, hii itatutokea puani."

"Mimi imekwisha nitokea. Chonga!"

Famau naye alikuwa na hasira. Akachonga. Tumbo hilo! Na tonge kwenye mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka. Akampelekea Shekue, mpiga chapa.

Shekue akachovya muhuri kwenye rangi, akagandamiza kitambaani, akainua. Lo! Jumbe anakula kwa mkono wa kushoto! Muhuri hugeuza picha; lakini ua ligeuze utakavyo, ni ua, na Famau hakuwahi kuchonga mtu. Shekue aliliona kosa. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akapiga vitambaa arubaini. Ijumaa wanawake arubaini wakatoka wamejifunga.

Jumbe akawakamata wote watatu, akawasimamisha mbele ya watu.

"Mlafi, mmeniita, sawa. Lakini mkono wa kushoto? Mkono wa chooni? Mmoja wenu atakatwa mkono wa kulia. Watu waamue nani, la sivyo nawakata nyote watatu."

Sikieni hayo! Watoto wamekufa, hakushtuka. Kilichomuuma ni mkono.

Bi Mwatime akasema, "Neno ni langu. Nisingesema, wasingefanya. Nikateni mimi, nimeshazika."

Shekue akasema, "Bila mimi ule muhuri ungebaki mti. Niliona, nikafurahi."

"Uliona usiniite!" Famau akafoka, huku ameukumbatia mkono wake, mkono unaomlisha. Kisha akamgeukia Jumbe. "Kushoto ni kosa langu. Wallahi sikulikusudia. Nilikusudia tumbo, na tumbo silijutii."

Panga likaletwa.

Haya, nyinyi mlioshiba. Msiniambie ukatwe mkono wa Jumbe. Hilo hata Famau alilijua, lakini panga halikuwa lake. Je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kukatwa mkono?