Nukta Kumi na Mbili za Soko Jipya

Mwanamke mmoja alikuwa na magunia manane ya unga na meza moja ndogo. Jina lake Namkunda, na alikuwa akiuza katika soko la zamani la mji mmoja wa milimani, mahali ambapo mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa hiari yake. Meza ilikuwa haitoshi, kwa hiyo magunia aliyaweka nyuma chini ya turubai, na mbele akapanga mabakuli manane madogo kwa mstari, kila gunia na bakuli lake: la dona, la sembe, la muhogo, la ulezi, na mengine. Bakuli la unga anaoupima wakati huo alilifunua. Yale mengine yalibaki na vifuniko. Mteja akifika alikuwa hana haja ya kuuliza maswali. Aliyatupia jicho mabakuli akajua ziko aina ngapi na yeye anauziwa ipi.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Mbazi, fundi aliyeajiriwa na halmashauri kutengeneza programu za simu. Siku moja, akisubiri ulezi wake, alimwuliza, "Mama, haya mabakuli yanakuchukulia nafasi bure. Unga si uko nyuma?"

"Mwanangu," alisema Namkunda bila kuacha kupima, "mtu haombi asichojua kama kipo. Nikiyaondoa haya, mji mzima utakula dona mpaka Yesu arudi."

Mbazi alicheka, akalipa, akaenda zake. Lakini neno lile lilimkaa.

Mwaka ule halmashauri ilikuwa imemaliza soko jipya lenye vizimba kumi na viwili. Kumi na kimoja vilikuwa juu, penye jua na sakafu kavu. Cha kwanza kilikuwa chini kabisa, ubavuni mwa mtaro, na kilipewa namba moja kwa sababu gari la wakaguzi liliegeshwa hapo siku ya kuhesabu. Likatoka tangazo kwamba maombi yatafanywa kwa simu pekee ili kuondoa msongamano ofisini. Soko lenyewe lilizungushiwa mabati likimsubiri mgeni rasmi, ambaye alikuwa bado hajathibitisha, na mlinzi alikuwa na amri ya kutoruhusu mtu kuchungulia. La zamani lingevunjwa mwisho wa mwezi. Kila mfanyabiashara alipewa siku tatu: akubali kizimba kwa miaka mitano, au abaki na bidhaa zake barabarani.

Mbazi alitengeneza programu. Picha ya kizimba ilijaza kioo chote cha simu, na chini yake neno "Nakubali". Ukisogeza picha kwa kidole kuelekea kushoto, inakuja ya kizimba cha pili, kisha cha tatu, hadi cha kumi na mbili. Na ili mtu ajue hivyo, chini ya picha aliweka nukta kumi na mbili ndogo kwa mstari, moja imekolea rangi, nyingine zimefifia. Wazo lile alilitoa kwenye mabakuli, wala hakuona aibu.

Kikao kilikaa kuipitisha. Bwana Mzava, Afisa Masoko, alivaa miwani, akaivua, akafuta kioo cha simu kwa tai yake.

"Hivi vitone ni uchafu, au vimekusudiwa?"

"Vimekusudiwa, mkuu. Vinamwambia mtu kwamba viko vizimba kumi na viwili, na hapa anaangalia cha kwanza."

"Kwani asipoambiwa, kuna mtu amemkataza kusogeza?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi uhuru anao."

Kisha Bwana Mzava alieleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza. Mwananchi akijua viko kumi na viwili, atataka kuviona vyote. Akiviona, atalinganisha. Akilinganisha atakuja kuuliza, na dawati la maulizo halina mtumishi tangu aliyekuwapo astaafu. Isitoshe, vitone havikuwamo kwenye mchoro uliosainiwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama vinaweza kupunguzwa viwe vitatu, kama maridhiano, lakini chai ilikuwa imefika. Muhtasari uliandikwa: vitone viondolewe kwa ajili ya kumrahisishia mwananchi.

Mbazi aliviondoa. Kazi ile haikumchukua hata muda wa kikombe kupoa. Alijiambia kwamba hajamdanganya mtu, maana picha zote zilikuwamo, kila moja mahali pake.

Namkunda aliifungua programu mezani pake, vidole vina unga. Aliona kizimba. Aliona na mtaro. Akaiangalia picha ile kwa muda, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuliko Afisa yeyote kile ambacho unyevu huufanyia unga: kwanza hushikana, halafu hunuka, halafu jina la muuzaji nalo hunuka. Akamwambia jirani yake, "Mwenzangu, ndicho serikali ilichotupa." Jirani akajibu kwamba na yeye simu yake inaonyesha hicho hicho. Siku ya tatu, saa moja kabla ya muda kwisha, Namkunda alibonyeza "Nakubali".

Walioomba walikuwa arobaini na mmoja. Thelathini na tisa waliomba kizimba namba moja. Wawili waliobaki walikuwa wauza nyama, ambao walipokuwa wakifuta mafuta kwenye vioo vya simu zao picha iliwakimbia ikaja nyingine; walidhani simu zimeharibika, wakabonyeza haraka kabla hazijazima.

Kwa kuwa kizimba namba moja kilikuwa na waombaji wengi, ilipigwa kura ya bahati nasibu, na Namkunda akashinda. Walimpigia vigelegele. Bwana Mzava alimpa mkono mbele ya kamera na kumwambia kuwa ana bahati. Wale thelathini na wanane walioshindwa waliambiwa wasubiri awamu ya pili, na ripoti ikapelekwa juu ikisema kwamba wafanyabiashara wa mji huu wamevutiwa mno na eneo la mtaro, hivyo inapendekezwa vizimba vyote vya awamu ya pili vijengwe pembeni mwa mtaro huo. Ama vile tisa vya juu vilivyobaki, vyenye jua, viliandikwa kwamba havihitajiki. Vikageuzwa stoo ya viti vibovu vya halmashauri, vilivyokuwa vikingoja kamati ya uteketezaji.

Mvua ilikuja. Maji ya mtaro hayakuingia kizimbani, tuyape haki yao. Yalituma unyevu tu. Wiki ya pili dona ilishikana. Wiki ya nne wateja walianza kuinua unga puani kabla ya kuuliza bei, na mtu akishaanza kunusa unga wako mbele ya watu, umekwisha. Namkunda aliamua kwenda kulalamika, na njia ya kwenda ofisini ilipita juu. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliona kizimba namba tano kikiwa wazi. Jua lilikuwa limejaa sakafuni. Viti vya miguu mitatu vilikuwa vimepangwa hadi darini, vikavu kama mkaa.

Bwana Mzava alikuwa hapo na Mbazi, wakihesabu viti.

"Mama, karibu," alisema Bwana Mzava. "Unaonaje soko lako?"

 Namkunda alinyoosha kidole.

"Bwana Afisa, viti hivi viliomba lini?"

Bwana Mzava alijibu kwamba havikuomba. Ila kizimba kilikuwamo katika simu yake sawa na kila mtu, alichotakiwa ni kusogeza tu, na hakuna aliyemkataza. Namkunda alitoa simu, akasogeza picha kwa kidole gumba kilichopasuka. Zikapita: ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Alipofika kwenye ile ya jua alisimama. Kisha akamwangalia Mbazi, naye Mbazi akaendelea kuhesabu viti ambavyo alikuwa ameshavihesabu.

Mchana ule ule Mbazi alizirudisha nukta zote kumi na mbili, bila kikao wala muhtasari. Alipewa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba, naye alijieleza kwa sentensi moja: kwamba watu walikuwa hawajui. Barua yake ipo jaladani. Nukta nazo zipo, kwa sababu kuziondoa kungehitaji kikao, na fungu la vikao lilikuwa limekwisha. Awamu ya pili ilipofika na vizimba vya juu vikatangazwa tena, watu walisogeza picha hadi mwisho, wakarudi, wakalinganisha, na vyote tisa vikachukuliwa kwa siku moja. Vile vipya vilivyojengwa mtaroni kwa pendekezo la ripoti havikupata mwombaji hata mmoja. Halmashauri imeunda kamati kuchunguza kwa nini ladha ya wananchi imebadilika ghafla namna hii.

Namkunda hakuruhusiwa kuomba. Kanuni inasema mwenye kizimba haombi kizimba, na yeye alikuwa nacho, tena alikiomba mwenyewe, tena kwa ushindani. Ulezi wake wa mwisho aliwamwagia kuku. Siku hizi anauza ndoo na mabeseni, vitu visivyojali maji, na akija mtu kutoka mbali kuulizia unga wa Namkunda humwelekeza juu, kwa watu wengine. Katika ripoti ya mwaka jina lake limo, kwenye orodha ya waliopata walichokitaka.

Mlango wenye kufuli walau humpa mtu pa kugonga; uliofichwa haumpi hata hapo. Basi niambieni, ninyi wenye milango: mtu mliyemficha idadi ya vya kuchagua, mnamwandikaje miongoni mwa waliochagua?