Kwa Nini Ngiri Huingia Shimoni Kinyumenyume

Jamani, ngano imebisha hodi. Semeni: Karibu ndani.

— Karibu ndani.

Ina vumbi miguuni.

— Tutaipangusa.

Basi isogezeeni kigoda ikae.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakitwanga na kupepeta kama sisi, Ngiri hakuwa na nyumba. Alilala nyasini na mkewe. Masika yaliyopita watoto walinyeshewa, wakakohoa msimu mzima. Sasa mkewe alikuwa mjamzito tena.

"Baba watoto," akasema Bi Ngiri, "mwaka huu sizai kwenye maji. Katafute shimo."

Mashimo yote ya mbugani yalikuwa ya Mama Mhanga. Yeye ndiye fundi wa kuchimba. Ukitaka shimo, anakupa unaingia, kisha kila msimu unamletea kikapu cha mchwa, kidogokidogo, mpaka linakuwa lako. Lakini hampi mtu kabla hajawauliza majirani wa mtu huyo.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ngiri alikuwa mwazimaji. Aliazima ungo wa Kanga, akakaa nao. Aliazima kinu cha Kobe, akakaa nacho. Aliazima jembe la Nungunungu, akakaa nalo. Akimwona mwenye kitu anakuja, anainua mkia juu, mbio. Majirani walikuwa wameuzoea mkia kuliko uso.

Ngiri akaenda kuomba shimo, Mama Mhanga akawauliza majirani.

"Ungo wangu uliondoka naye," akasema Kanga. "Sijui kama u hai."

"Mimi natafuna mahindi makavu," akasema Kobe, "na meno sina."

"Nalima kwa miiba yangu mwenyewe," akasema Nungunungu.

Mama Mhanga akamwita. "Bwana Ngiri, jina lako limechakaa. Nenda kalitengeneze, kisha urudi."

Ngiri akaona ni jambo dogo. Akakusanya vyombo vyote, akavirudisha asubuhi moja, ungo umetoboka, kinu kina matope, jembe halina mpini. Mchana huohuo yuko mlangoni kwa Mama Mhanga.

"Nimerudisha. Nipe shimo."

"Umerudisha leo kwa sababu leo una shida," akasema Mama Mhanga. "Nataka kujua utafanyaje ukishakaa ndani. Rudi ukaendelee."

Ngiri akaenda zake amenuna. Akaapa: kuanzia sasa haazimi kitu kwa mtu. Akakaa nyasini kwake, hampigii mtu hodi. Walikula ugali wa pumba na chenga, Bi Ngiri akitema huku akinung'unika.

Baadaye akarudi. "Mama Mhanga, sijaazima hata sindano. Nipe shimo."

Mama Mhanga akauliza majirani. "Ngiri?" wakasema. "Hatujui habari zake."

"Umesikia?" akasema Mama Mhanga. "Hakuna anayekusema vibaya, ila hakuna anayekusema. Nitajuaje kwamba unarudisha, ilhali hukuchukua kitu?"

"Nikiazima kosa, nisipoazima kosa," akasema Ngiri, akaenda zake amenuna.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Ngiri akashikwa na hofu. Siku moja akatoka mbio, nyumba hadi nyumba: Kanga, niazime ungo. Kobe, niazime kinu. Nungunungu, niazime jembe, na chungu, na mkeka, na kamba. Alitaka avirudishe vyote kwa mpigo, jina ling'ae.

Majirani wakatazamana. "Huyu anahama," akasema Kanga. "Anahama na vyombo vyetu." Wakamfuata wakipiga kelele, wakamnyang'anya njiani. Kobe alifika wengine wameshamaliza kugombana, ikabidi waanze upya kwa ajili yake.

Mama Mhanga alicheka mpaka masikio yakamlala.

Kule nyasini, Bi Ngiri hakucheka. "Baba watoto, hii si kazi ya mbio. Tunaazima kimoja. Tunakirudisha kabla hatujaulizwa. Na hatukirudishi kitupu."

Kwanza walikwenda kuomba radhi. Wakaziba ungo, wakatia jembe mpini. Kisha Ngiri akamwomba Kanga ungo, ungo tu. Kanga akampa huku akiufuata kwa macho. Jua halijatua, ungo umerudi, umepanguswa, una konzi ya unga ndani. Siku nyingine akaomba kinu. Kikarudi kimeoshwa, kina mahindi yaliyokobolewa. Kobe akakiangalia, machozi yakamtoka. Alikuwa ameshaagana nacho.

Wakaendelea hivyo, kimoja, kimoja. Mpaka siku moja Kanga mwenyewe akatuma salamu: "Mbona leo hamjaja kuchukua ungo? Kuna mgonjwa?"

Matone ya kwanza yakadondoka. Mama Mhanga akauliza tena.

"Ungo ukiwa kwa Ngiri," akasema Kanga, "mimi nalala usingizi."

Kobe na Nungunungu wakasema vivyo hivyo. Mama Mhanga akawapa shimo kavu, lenye mlango mpana. Bi Ngiri hakungoja kuambiwa. Aliingia, na mvua ilipokolea alikuwa na watoto wanne, wakavu.

Majirani wakaja kuwapongeza. Ngiri akainama aingie kichwa mbele, mara akasimama.

"Majirani," akasema, "mkia wangu mmeuona vya kutosha."

Akageuka, akaingia kinyumenyume, taratibu, uso kwao.

"Angalia usimkanyage mwanao," akasema Bi Ngiri kutoka ndani.

Hadi leo Ngiri huingia shimoni hivyohivyo, ili aliyemwazima kitu amwone usoni. Akikimbia bado anainua mkia, najua. Tabia haikutoka yote.

Basi nyinyi mnaotaka nyumba, msingoje mawingu. Jina hutengenezwa kungali na jua. Azima kidogo, rudisha mapema, wala usiombe kwa watu wote siku moja, watadhani unahama. Na wewe uliyekaa nyuma na sufuria ya watu, nimekuona.

Ngano hii niliiazima kwa bibi yangu. Leo nairudisha, wala si tupu: machozi ya Kobe nimeyatia mimi. Semeni: Tumepokea.

— Tumepokea.