Kwa Nini Hondohondo Humzibia Mkewe Mlango

Mnamcheka hondohondo kwa kumfungia mkewe ndani ya mti kwa udongo. Chekeni, lakini jueni tabia hiyo ilikotoka.

Hapo kale ndege hawakuwa na mheshimiwa. Kila mmoja alisema lake kwa wakati wake, na Tembo, aliyekuwa akiangusha miti pamoja na viota, hakumsikia yeyote. Ndipo wakamchagua Hondohondo, kwa ule mdomo wake mkubwa. Wakamwambia, "Haya ni maneno yetu. Yapeleke kwa Tembo, kisha urudi utuambie alivyojibu."

Alikwenda, akasema vizuri, Tembo akaahidi kuviacha viota. Shida ilianza aliporudi. Hondohondo alikuwa ameonja kusikilizwa, na tangu hapo kila mdomo mwingine uliofunguka ulimchoma moyo, kama mume aonaye jirani akichekeana na mkewe. Akapiga marufuku mikutano. Anayetaka kuimba aandike ombi kwenye majani mawili, moja libaki ofisini. Ofisi ilikuwa shimo la mti alimokaa na mkewe.

Mkewe hakuandika ombi lolote. Siku moja Hondohondo alimkuta mlangoni akizungumza na Mnana, yule ndege mdogo wa manjano.

"Mnasema nini bila mimi?"

"Tembo karudi, mheshimiwa," Mnana akajibu. "Kesho anaanza na mti wangu, na mayai yamo."

"Suala hilo linashughulikiwa."

"Na nani?" mkewe akauliza. "Wewe mume wangu walikutuma tu. Midomo yao hawakukupa."

Wivu ukampanda hadi utosini. Akaleta udongo, akamzibia mkewe humo humo, akabakiza ufa mwembamba wa kupitishia chakula, maana hakupenda kuitwa katili.

Kumbe aliyefungiwa lazima alishwe. Asubuhi Tembo alipokuja, Hondohondo alikuwa mbali akitafuta matunda. Ndege hawakumngoja. Walimzunguka Tembo, wakasema neno moja wote kwa pamoja, karibu kabisa na yale masikio makubwa, mpaka akageuza njia. Mheshimiwa alifika na tunda mdomoni.

"Una la kusema?" Mnana akamuuliza.

Alikuwa nalo, tena refu. Lakini akifungua mdomo tunda litaanguka, na mkewe ana njaa. Akapita kimya.

Na tangu siku hiyo ndege huamka wakisema wote, kabla hajatokea wa kuwasemea. Hondohondo angali anabeba matunda kutwa nzima. Mkewe naye hutoka siku anayoitaka yeye, kwa kuubomoa ukuta kwa mdomo wake mwenyewe.