Simu Iliyovimba Mgongo

Mwiba ni kitu kidogo. Ukiuchomoa leo, kesho umeshausahau. Ukiudharau kwa kuwa hauonekani, siku moja utautazama mguu wako usiutambue, na wa kulaumiwa hatakuwapo ila wewe. Mwiba wa Sharofat ulitosha kwenye kiganja, na kila siku saa sita mchana aliusogeza sikioni akaongea nao. Ulikuwa ni simu yake.

Sharofat alikuwa mama wa makamo katika kijiji kimoja karibu na mji wa Panjakent, mchapakazi, mcheshi na mbishi asiyeshindika. Mumewe, Nozim, alikuwa Urusi mwaka wa tano akijenga maghorofa, na kila adhuhuri alipiga simu. Binti yao wa pekee, Mavzuna, alikuwa aolewe Jumapili. Ukutani, juu ya sanduku la bati, zilipangwa kurpacha ishirini na nane hadi karibu na dari: magodoro membamba ya pamba na kitambaa cha atlasi ambayo bibi harusi huenda nayo kwa mumewe. Sharofat alizishona kwa miaka kumi na moja. Katika kijiji kile mama hupimwa kwa kurpacha zake, tena mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Majira hayo ya baridi simu ilianza kuzimika ovyo. Kisha mgongo wake ukainuka, kifuniko kikakataa kufunga, na ukiiweka mezani inayumba. Sharofat akaizungushia utepe wa atlasi, akaufunga fundo, akaipeleka kwa Farhod, mtoto wa jirani yake, aliyekuwa fundi simu sokoni.

"Shangazi, betri imevimba hii," Farhod alisema, akiiweka chini kama mtu aliyeshika yai. "Usiichaji tena hata dakika moja. Niachie. Betri nyingine itafika keshokutwa kutoka Khujand."

"Keshokutwa! Wiki ya harusi nikae bubu siku mbili? Nozim si atadhani nimekufa?"

"Chukua yangu uitumie."

"Yako? Hiyo iliyojaa picha za wasichana? Hebu nitolee balaa!"

"Shangazi, sitanii. Humo ndani mna gesi. Ikipata joto italipuka."

Sharofat akacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Mwanangu, unga wangu huvimba kila asubuhi, na sijasikia mtu aliyelipukiwa na mkate. Simu hii imeshikwa na baridi tu. Ikifunikwa itapona."

Na kweli hivyo ndivyo alivyoamini. Maisha yake yote alikuwa akifunika vitu: unga ukaumuka, pilau ikaiva vizuri, chai ikakaa moto, na Mavzuna mwenyewe, aliyezaliwa kabla ya miezi yake, akanenepa ndani ya magodoro. Kwa nini simu ishindikane?

Alhamisi, siku ya wakwe kuja kutazama vyombo, Sharofat aliichomeka simu kwenye chaji, akaisokomeza katikati ya rundo la kurpacha.

"Mama, Farhod si alikataza?" Mavzuna aliuliza.

"Farhod ameshona kurpacha ngapi? Kalete chai."

Wakwe wakafika. Bibi Salomat, mama wa bwana harusi, alipitisha mkono juu ya atlasi, akakagua mshono baada ya mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mkono ulioshona hizi haukuwa unalala," alisema.

Sharofat akajiona amefika mbinguni. Hapo hapo simu ikaanza kulia ndani ya rundo, na wageni wakaangua kicheko.

"Jamani, magodoro yanaimba!"

"Ni baba yake huyo," Sharofat alisema kwa madaha. "Mavzuna, mpokee baba yako."

Mavzuna akapenyeza mkono wa kulia katikati ya kurpacha. "Mama, mbona ina mo..."

Hakumaliza. Kitu kilifoka mle ndani, kikapasuka, na ulimi wa moto ukatoka pamoja na mkono wake. Ukelele alioutoa binti yule ulimtoa kila mtu akili. Moshi mweusi, mkali wa kuchoma koo, ulijaa chumba kabla chai haijapoa vikombeni. Pamba ikashika, atlasi ikayeyuka, na Sharofat akasimama palepale, mdomo wazi, kama aliyepigwa na radi. Hakuamini. Kitu kile kile alichokifunika kwa mikono yake!

Bibi Salomat ndiye aliyemvuta Mavzuna nje na kuumiminia mkono wake maji baridi, birika moja baada ya jingine. Farhod alikuja mbio kutoka nyumba ya jirani, akakata umeme, akaziburura kurpacha kwenye theluji. Zilizosalia zilikuwa nne.

"Kurpacha zangu," Sharofat, aliyetolewa nje na wageni, alinong'ona, hajui anachosema.

"Kurpacha zitashonwa nyingine," Bibi Salomat alimkata. "Tazama mkono wa mtoto!"

Sharofat akautazama. Akaketi kwenye theluji.

Harusi haikuvunjika, Bibi Salomat aliisogeza hadi majira ya kuchipua. Lakini daktari alisema vidole viwili havitakunjika tena, na Mavzuna, aliyejifunza kushona kwa mama yake, hatashika sindano kwa mkono ule.

Siku ya pili adhuhuri, Farhod alimletea Sharofat ile simu yake ya picha, ambayo mama huyo aliikataa sokoni. Aliyekuwa upande wa pili ni Nozim.

"Mke wangu, jana simu ilikatika na tangu hapo hupatikani! Kuna nini? Nipe Mavzuna niongee naye."

Mavzuna alikuwa amelala, mkono umefungwa bendeji hadi kiwikoni. Sharofat alijaribu kusema ni ajali, ni baridi, ni siku mbaya. Ulimi ukakataa uongo.

"Nozim," alisema, "niliambiwa."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Na tende ya Sharofat, ole wake, iliota kwenye mkono wa mwanawe.