Mluzi wa Siwema

"Wimbo wa studio haupigwi mluzi njiani." Mmemsikia Bi Zena akimwambia hivyo karani wake wa zahanati, mkacheka, mkataka kujua wimbo na zahanati vimekutana wapi. Haya, sogeeni. Maneno hayo hayakuanzia zahanati. Yalianzia hapa hapa Morogoro, enzi za kanda, na kisa chake ni hiki.

Alikuwapo binti mmoja, Siwema, mwanafunzi wa chuo cha sanaa, akisomea ufundi wa kurekodi sauti. Ulipofika mwaka wa mwisho, chuo kiliwatawanya wanafunzi wakajifunze kazi kazini, yeye akapangiwa studio ya Bi Tekla kule Kichangani. Alifikia kwa shangazi yake Mafiga, na kila siku alikwenda na kurudi kwa miguu.

Bi Tekla alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Bendi zilimpenda kwa sababu hakuwa na pupa. Siku ya kwanza alimwonyesha Siwema namna ya kuviringisha nyaya bila kuzivunja mgongo, namna ya kusogeza maikrofoni mpaka ikae sawa na kinywa cha mwimbaji, kisha akamwambia, "Na jambo jingine, mwanangu. Yanayosikika humu yana wenyewe."

"Ndiyo, mama," Siwema akajibu. Moyoni alielewa kwamba asitoke na kanda ya mtu. Hilo aliliona jepesi, kwani yeye na wizi walikuwa mbalimbali.

Basi ikaja bendi ya Lukwangule Jazz. Kiongozi wake, Maneno Kibindu, aliwahi kuwa na jina kubwa mjini, lakini miaka ilikuwa imepita bila wimbo mpya, na wapenzi wake walikuwa wameanza kumsahau. Sasa alikuwa ametunga. Wimbo wenyewe ulifunguliwa na gitaa la solo, likipigwa na Mrisho, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Gitaa lile lilipanda taratibu, likasita kidogo kama mtu anayebisha hodi, kisha likateremka. Siwema, hedifoni masikioni, alisahau kupumua. Bi Tekla mwenyewe aliegemea kiti akafumba macho. Wakafanya mazoezi siku ile, wakakubaliana kurudi wiki inayofuata kurekodi.

Jioni Siwema akashika njia ya Mafiga, na wimbo ukamfuata. Mdomo ukajikunja wenyewe, akaanza kupiga mluzi. Akapita nao sokoni, akavuka nao daraja, akafika nao hadi uani kwa shangazi.

"We mtoto wa kike, na mluzi huo! Unaita nyoka?" shangazi akamkemea kutoka jikoni.

Lakini binamu yake, Chande, alikuwa amekaa kibarazani, naye alipiga kinanda katika bendi moja ya harusi. Akainua kichwa. "Hebu rudia hapo pa kusita. Tamu hiyo! Ya nani?"

Siwema akaona aibu kidogo, na fahari kidogo. "Imenijia tu kichwani," akasema.

Akarudia. Chande akatikisa kichwa kwa raha, mambo yakaishia hapo. Au Siwema ndivyo alivyodhani.

Jumamosi kulikuwa na harusi Mji Mpya, na Maneno Kibindu alikuwa miongoni mwa waalikwa. Alikuwa ndiyo kwanza anatia tonge la pilau mdomoni, bwana harusi akaingia, na bendi ikampokea kwa wimbo. Maneno akaacha kutafuna. Ulikuwa wimbo wake! Ulipanda vile vile, ukasita pale pale, ukateremka vile vile, na wanawake walikuwa wameshaupachikia maneno ya kumsifu bibi harusi. Akaweka sahani chini, akatoka bila kuaga.

Jumatatu bendi ilipokusanyika studio, Maneno hakumwamkia mtu. Akasimama mbele ya Mrisho.

"Weka gitaa chini."

"Kuna nini, kaka?"

"Ulipigia bendi ile ya harusi kabla ya kuja kwangu. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli, lakini—"

"Basi rudi kwao. Umeshawapelekea wimbo wangu, peleka na mwili."

Nyuma ya kioo, Siwema alikuwa amevaa hedifoni. Maikrofoni zilikuwa wazi, akayasikia yote karibu kuliko waliokuwa chumba kile. Akamsikia Mrisho akiapa kwa jina la marehemu baba yake. Akawasikia wenzake wakikohoa na kuvuta viti, hakuna aliyemtetea.  Akilini mwake vikapita vitu viwili: ule mluzi, na neno la Chande, "Ya nani?"

Akajiambia hakuna aliyejua. Chande hakumjua mwenyewe wa wimbo ule. Akinyamaza, atamaliza mafunzo yake, atarudi chuoni salama. Akanyamaza. Mrisho akafungua mkanda wa gitaa, akaliegemeza ukutani kwa upole kama mtu anayelaza mtoto, akatoka. Mlango ukafungwa.

"Siwema," Bi Tekla akasema, "washa mashine."

 Siwema akavua hedifoni, akasukuma mlango wa kioo, akaingia walipokuwa wanamuziki.

"Ni mimi," akasema. "Kaka Mrisho hana kosa. Nilikwenda nikiupiga mluzi njiani. Binamu yangu yumo katika bendi ile. Aliniuliza wimbo wa nani, nikamwambia ni wangu."

 Maneno akamtazama. "Mwaka mzima nimeutunga," akasema polepole. "Mwaka mzima, binti." Kisha akageuka, akawaambia wenzake wafungashe vyombo.

Walipobaki wawili, Siwema akaanza kukusanya vitu vyake. Bi Tekla akamzuia.

"Unakwenda wapi?"

"Si umenifukuza, mama?"

"Sijakufukuza. Ukiondoka leo utakuwa umejifunza kuharibu tu. Kutengeneza bado. Anza kwa Chande, halafu nenda kwa Mrisho. Mimi nitakwenda kwa Maneno, maana studio ni yangu, na aibu ni yangu pia."

Chande aliposikia alishika kichwa. Hakuwa mwizi. Siku ile ile aliwaambia wenzake wauache wimbo ule, nao wakauacha.

Kwa Mrisho kulikuwa kugumu zaidi. Siwema alimkuta nje ya chumba chake akimkata mwanawe kucha. Akapiga goti, akaeleza yote. Mrisho akamaliza kucha zote za mtoto kabla ya kujibu.

"Mluzi sijaukasirikia," akasema. "Wimbo mzuri humtoka mtu bila kujua. Kilichoniuma ni kwamba ulinisikia nikiapa, ukaniacha nikafika mlangoni."

 Siwema akalia.

"Ila ulisema," Mrisho akaongeza. "Wale niliokula nao miaka yote hawakusema hata neno la kunitetea. Mwambie Maneno nitarudi akiniita mbele ya walewale alionifukuza mbele yao."

Maneno alikuwa na kiburi, lakini hakuwa dhalimu. Bi Tekla alipokwisha kuzungumza naye, alikwenda na bendi nzima hadi kwa Mrisho, akasema "Nisamehe, ndugu yangu" watu wote wakisikia. Wimbo, hata hivyo, haukurudi. Mji Mpya wote ulikuwa ukiuimba kwa maneno ya harusi, na nani angemwamini Maneno kwamba ulikuwa wake? Akakaa chini, akatunga mwingine. Ulikuwa mzuri, ulipendwa, bendi ikasimama tena. Lakini wazee wa Lukwangule Jazz watawaambia kwamba ule wa kwanza ulikuwa kitu kingine.

Siwema ndiye aliyeurekodi huo wa pili, Bi Tekla akiwa amekaa kando, mikono mapajani. Walipomaliza, wanamuziki wakatoka kwa furaha. Mpiga ngoma hakufika hata getini, akaanza kuupiga mluzi.

Siwema akamkimbilia. "Kaka, tafadhali! Wimbo wa studio haupigwi mluzi njiani."

Wote wakasimama, wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa Mrisho, na alipocheka yeye, wengine nao wakapata ruhusa ya kucheka. Wakaondoka midomo imefumbwa.

Tangu hapo bendi zikaliokota neno lile, zikawaambukiza mafundi cherehani wanaoshona magauni ya bibi harusi, kisha makarani, hadi wauguzi. Sasa yule karani wa Bi Zena alikuwa ametaja ugonjwa wa nani pale kwenye foleni ya maji? Msiniambie. Hakuiba dawa, hakuchukua cheti cha mtu. Aliongea tu, kama Siwema alivyopiga mluzi tu. Ndiyo maana akaambiwa: wimbo wa studio haupigwi mluzi njiani.